Mkanda wa Tano

Mkono ndio uliotangulia kutoka ukutani. Kwanza palikuwa na doa la unyevu, dogo, la kijivu, juu kidogo ya mto wa yule binti. Doa likapanuka, lipu ikavimba, ikapasuka, na vidole vitano vyeupe vikachomoza vikidondosha chokaa kwenye shuka. Binti alikuwa amelala kwa ubavu, uso umeelekea ukutani, na kutoka puani pake hadi kwenye vidole vile haikufika shubiri moja. Watoto tuliojaa ukumbini tukapiga ukelele mmoja. Mara pazia likabaki jeupe, taa zikawaka, na baba yangu akatangaza kwenye kipaza sauti kutoka katika chumba chake kidogo cha juu, nyuma yetu: "Mwisho. Tokeni polepole, msikanyagane."

Hivyo ndivyo filamu ile ilivyokwisha katika mji wetu, kila Jumamosi alasiri ilipoonyeshwa, kwa miaka saba. Lile jitu lilikuwa na jina la kigeni kwenye tangazo, ambalo hakuna aliyeweza kulitamka bila kujiuma ulimi. Sisi tulilipa jina la Mwashi. Alikuwa fundi wa ujenzi aliyezibwa kwa bahati mbaya ndani ya ukuta alioujenga mwenyewe, na sasa alikuwa akizunguka ndani ya kuta za mji mzima. Aligonga mara tatu. Palipokuwa na unyevu ndipo alipotokea. Na kwa kuwa filamu yetu ilikatikia pale mkono ulipochomoza, hakuna aliyewahi kumwona akifa. Katika miji mingine nadhani watoto walirudi nyumbani wakijua yamekwisha. Sisi tulirudi kwenye nyumba za kupanga zenye mabomba yanayovuja, tukaanza kuzikagua kuta.

Mtoto mmoja tu alijua filamu ile inakwishaje hasa. Mtoto huyo ni mimi, nami nilinyamaza miaka arobaini na minne.

Wifi yangu alinipigia simu Jumanne moja asubuhi, nikiwa napiga pasi. Wifi ni mtu wa salamu ndefu, atakuuliza habari zako, za jirani yako na za paka wa jirani yako. Siku ile hakusalimu.

"Wifi, njoo umwone mdogo wako kabla hajaoza mikononi mwangu."

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama, alikuwa amepata kiharusi miezi miwili kabla. Upande wa kushoto haukusikia tena amri. Hilo nilikuwa nalijua, nilikwisha kwenda kumwona hospitali. Nisilolijua ni hili la sasa: daktari alikuwa ameagiza ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, naye hakubali kugeuzwa kuelekea ukutani.

"Mgongo umechubuka, ubavu wa kulia umechubuka," wifi alisema. "Umebaki huo wa kushoto tu, na akilalia huo uso unaangalia ukuta. Nikimgeuza anapiga yowe kama mtoto. Anasema ukuta una maji."

"Basi kitoeni kitanda ukutani."

"Tulikitoa, akaanguka."

"Mhamisheni chumba."

"Tumemhamisha mara tatu. Kila chumba kina kuta nne, wifi. Nimpeleke wapi?"

Jibu nililokuwa nalo si la kusemwa kwenye simu. Nilizima pasi. Mimi ni karani wa mahakama mstaafu; kwa miaka thelathini na mmoja nimeandika maungamo ya watu kwa mwandiko uliosifiwa na mahakimu watano. Najua mtu anayetaka kukiri anavyoanza. Kabla ya yote, huomba maji ya kunywa.

Nilifika kesho yake saa nne asubuhi. Nyumba ni ile ile ya baba, Kitinda hakuhama kamwe. Chumba walichomrudishia, baada ya kuhangaika na vyote, ni kile kile tulicholala sisi wawili utotoni: chembamba, dirisha moja, sakafu ya saruji nyekundu iliyopauka katikati kwa miguu yetu. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani ili asianguke. Na ukutani, juu kidogo ya mto, palikuwa na doa la unyevu la ukubwa wa sahani.

Nilisimama mlangoni kwa muda.

"Dada," alisema. Ulimi ulikuwa mzito, na mdomo uliinuka upande mmoja tu. "Umenenepa."

"Nawe umekonda. Tumegawana."

Akacheka kwa ule upande uliobaki. Kisha akanyoosha kidole gumba cha mkono wa kulia kuelekea ukutani, bila kugeuza shingo. "Waambie. Kuna maji. Wanadhani nimechanganyikiwa."

"Kuna maji, nimeyaona," nilisema, na nikaona macho yake yakilowa kwa shukrani.

Mganga hajigangi. Mtu huyu aliyelala pale akiogopa doa la sahani alikuwa fundi wa kuta aliyejulikana mji mzima. Tangu ana miaka kumi na sita alipojiunga na mafundi lipu, alikuwa na kipaji ambacho wenzake walikiita uchawi: aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, akakwambia unyevu unatoka wapi. Kama ni paa, kama ni msingi, kama ni bomba la jirani. "Kila unyevu una mama yake," alizoea kusema. "Usipige rangi juu ya mtoto, mtafute mama." Niliwahi kumuuliza kwa nini alichagua kazi ile wakati shuleni alikuwa na akili za kutosha kuwa hata mhasibu. Akanijibu kwa mzaha, "Adui yako mjue anapolala, dada." Tulicheka sana siku ile, mimi nikicheka kuliko yeye.

Sasa nirudi nyuma, kwenye Alhamisi ile.

Baba alikuwa ndiye fundi wa mashine katika ukumbi pekee wa filamu mjini. Hata mama alimwita Fundi. Picha ikikatika watu walipiga miluzi, "Fundi, umelala?" naye alijibu kwa kipaza sauti, "Naamka!" na ukumbi mzima ukacheka. Filamu zililetwa na gari la kampuni, kila mkanda umezungushwa ndani ya kopo lake bapa la bati. Hii ilikuja na makopo matano. Kila Alhamisi alasiri baba aliijaribu filamu mpya ukumbi ukiwa mtupu, aone palipokatika apaunge kwa gundi, na mimi niliyempelekea chakula chake cha mchana niliruhusiwa kukaa iwapo ameamka vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliutazama mkanda wa kwanza mpaka wa tano kupitia kidirisha kidogo cha chumba cha mashine kinachotazama ukumbini, vichwa vyetu vikigusana.

Katika mkanda wa tano mkono unafuatwa na bega, bega linafuatwa na mtu mzima, na Mwashi anasimama katikati ya chumba akichuruzika chokaa. Binti anaamka. Hakimbii. Anamtazama muda mrefu mpaka unataka kumfokea, kisha anavuta shuka lake, analikunja, anaanza kumfuta uso. Anafuta kuanzia kwenye paji, pole pole, mpaka yanaonekana macho. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka, kama ya baba akirudi baada ya maonyesho matatu. Binti akamwambia jambo fupi sana.

"Amesema nini, baba?"

"Lugha yao siijui," alisema. "Lakini nadhani amemwambia, kazi imekwisha, baba, pumzika."

Mwashi akaketi sakafuni, akauegemea ukuta. Chokaa ikaanza kukauka juu yake, kwanza miguu, halafu kifua, halafu uso, hadi ukashindwa kusema mtu anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Baba, aliyeshaonyesha majitu ya kila aina, yenye mikia na yasiyo na mikia, alipenga kamasi kwa kitambaa cha kufutia mashine, akajiachia alama ya grisi kwenye pua. Nilimpenda sana kwa ile grisi. Mpaka leo nikimkumbuka ndivyo anavyonijia.

Ijumaa baada ya shule nilichukua ufunguo uliotundikwa nyuma ya mlango wetu, nikaenda peke yangu. Ilikuwa marufuku. "Chumba cha mashine hakiingiwi nisipokuwepo," baba alisema kila wiki, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo jingine. Lakini nilitaka kuuona uso ule tena. Nilifungua dirisha nipate mwanga, nikafungua kopo la tano, nikavuta mkanda mita kadhaa na kuuinua kwenye mwanga. Zilikuwepo, picha za binti na Mwashi, moja chini ya nyingine, kila moja si kubwa kuliko ukucha, na ule mkono wenye shuka ukisogea kidogo kidogo. Nilikuwa nikizihesabu niliposikia Mwenye Ukumbi akikohoa ngazini. Nikausokomeza mkanda koponi hovyo hovyo, nikaacha kopo chini ya dirisha bila kifuniko, nikajibanza nyuma ya mlango hadi alipopita kwenda ofisini kwake. Kisha nikakimbia. Ufunguo niliukumbuka, mlango niliufunga. Dirisha sikulikumbuka hadi nilipoamshwa na mvua, na mvua ile ilinyesha mpaka kulipokucha.

Jumamosi asubuhi baba aliingia tukiwa tunakunywa chai, vidole vyake vimechafuka kwa rangi ya kahawia. Alikuwa amekuta kopo limejaa maji. Alipojaribu kuuvuta mkanda, picha zilibanduka zikabaki vidoleni mwake kama utando wa maziwa.

"Ni mimi," alimwambia mama. "Jana asubuhi niliingia kutia mashine mafuta, kulikuwa na joto. Nilifungua dirisha. Kufunga sikumbuki, wala kopo kulifunika."

Mama aliweka birika chini. "Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Fikiria la kusema."

Mimi nilikuwa na kikombe mdomoni. Nilikiacha palepale mdomoni, sikunywa, sikukishusha.

La kusema alilipata, na ndio uongo pekee ninaoujua wa baba yangu. Alimwambia Mwenye Ukumbi kwamba filamu imekuja na makopo manne tu. Mwenye Ukumbi alicheka, akasema watoto hawajui hesabu, onyesha hivyo hivyo. Kabla ya kwenda kazini, baba aliniita nyuma ya nyumba. Aliona haya, alikuwa akiongea huku akitazama viatu vyangu.

"Mwanangu, wewe hujauona mkanda wa tano. Haukuja. Mtu yeyote akisikia unavyokwisha, atajua ulikuja, na mimi kazi sina. Hata Kitinda usimwambie. Kitinda ni redio."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Alikuwa mbele yangu, hana hasira, ana haya tu, na haya zile zilikuwa zangu. Nilisema ndiyo, baba.

Alasiri yake Kitinda alikaa kando yangu ukumbini. Alikuwa na miaka sita, na baba hakutaka aje, lakini alilia mpaka akaruhusiwa. Vidole vilipochomoza, aliuma mkono wangu; nina kovu dogo hapa, chini ya kiwiko. Taa zilipowaka alibaki amekaa. "Halafu?" aliniuliza. "Halafu ikawaje, dada?"

"Imekwisha. Hujasikia?"

"Lakini bado yumo."

Tangu siku hiyo hakulala tena akiutazama ukuta. Alilala kwa ubavu wa kulia tu, uso kwangu, magoti yamegusa kidevu. Kila palipokuwa na doa alipajua. Alipima kwa rula na kuandika kwa kalamu ya risasi kando yake. Wavulana wa mtaani walimcheka. Mama aliwajibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, mwacheni mwanangu." Na baba? Baba alimpakata akamwambia ni mwanga tu, mwanangu, ni mwanga na kitambaa cheupe. Lakini alikuwa akiujua mwisho, nami nilikuwa naye mezani, nikimwona jinsi alivyoshindwa kumtazama mtoto wake machoni. Aliamini kosa ni lake na adhabu inamwangukia mwanawe. Filamu nayo haikuondoka. Kampuni iliyoileta ilifungwa, gari halikurudi tena, makopo manne yakabaki kwetu kama mgeni asiyejua kuaga, na Mwenye Ukumbi akayatoa kila alipokosa filamu mpya.

Kuna jingine, na hili ndilo baya zaidi. Alasiri za likizo mama alitulazimisha kulala. Mara nyingine nilijifanya naenda msalani, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama nje ya ukuta wa chumba chetu, nikagonga mara tatu. Halafu nilisikiliza. Hakupiga kelele. Kilichosikika ni kitanda tu, kikiguna kidogo, kama vile mtu aliyekilalia anataka kujifanya mdogo zaidi. Nilifanya hivyo mara nne. Nilikuwa nimebeba siri nzito peke yangu, na nilimchukia kwa kuwa yeye aliweza kuogopa hadharani akabembelezwa. Hiyo ni sababu, si udhuru. Nimeandika sababu nyingi za watu, najua tofauti yake.

Baba alistaafu, ukumbi ukawa ghala la vigae. Uzeeni alikuwa na tabia moja: kila alasiri alizunguka nyumba nzima akishika komeo za madirisha, moja baada ya nyingine, hata siku za jua kali. Wiki yake ya mwisho hospitali alinishika mkono. "Ule mkanda wa tano," alisema. "Mwanangu, sijui nilisahauje lile dirisha."

Nikamwambia, "Yameshapita, baba."

Neno moja tu, na kumwita baba. Sijawahi kusema neno baya kuliko hilo.

Baada ya mazishi ningeweza kumwambia Kitinda. Hapakuwa na kazi ya kulinda tena. Lakini mwisho wa filamu haukusimulika bila dirisha, na nilijiambia ameshakuwa mtu mzima, ana mke, ana wanafunzi wa ufundi, anataniana nao, atakuwa amesahau. Mtu huamini linalompa usingizi.

Basi saa nne ile ya asubuhi nilivuta kiti kando ya kitanda, nikamwomba wifi maji ya kunywa. Alipoleta glasi nilimwomba atuache. Wifi alinitazama, akamtazama mumewe, akavuta mlango taratibu.

"Kitinda," nilisema. "Mwashi."

Jicho la kulia lilifumbuka kabisa. La kushoto lilichelewa.

"Mkanda wa tano ulikuja. Niliuona."

Nilimweleza yote kwa utaratibu, kama ninavyojua: siku, saa, mahali. Ufunguo, dirisha, kopo, mvua. Vidole vya baba. Alinisikiliza akitazama dari. Nilipofika kwenye hodi za nyuma ya nyumba nilikunywa maji yote yaliyobaki.

"Ni mimi niliyekuwa nagonga."

"Mara nne," alisema.

Sikujua kama mtu mwingine alikuwa akihesabu.

"Mara nne," nilikubali.

Nje wifi alikuwa akifagia mahali ambapo palikwisha kufagiwa, nilisikia ufagio ukirudia pale pale.

"Baba alijua?"

"Hapana."

"Alikufa akijua ni yeye."

"Ndiyo."

Chozi lilimtoka jicho moja, likapita kwenye sikio. Hakuweza kulifuta kwa wakati, na mimi sikuthubutu. "Ungemwambia yeye kwanza," alisema. Maneno yalikuwa yakitoka moja moja, kila moja likiburutwa. "Mimi nilikuwa naogopa tu. Yeye alikuwa anaona haya."

Niliiweka glasi tupu sakafuni.

"Haya," alisema baadaye, kwa sauti ya mtu anayetaka kazi imalizwe. "Halafu ikawaje?"

Lilikuwa swali lile lile, na aliliuliza kwa namna ile ile, na nilisikia kovu chini ya kiwiko. Nikamsimulia. Bega, mtu mzima, chokaa ikichuruzika. Binti asiyekimbia. Shuka lililokunjwa. Nilimwonyesha kwa mkono wangu jinsi alivyofuta, kutoka kwenye paji kwenda chini, na bila kukusudia nikajikuta nimelifuta chozi lake. Nilimwambia binti alisema nini, kwa tafsiri ya baba, na nikamwambia pia habari ya grisi kwenye pua. Nilimwambia Mwashi alivyoketi na kukauka.

"Akafa?"

"Akapumzika. Akawa ukuta."

Kitinda alifikiri. "Kwa hiyo alikuwa anatafuta kwake tu."

"Alikuwa anatafuta kwake."

"Halafu?"

"Halafu mwisho," nilisema.

Mkanda ule ulikuwa na sekunde kama kumi zaidi. Ni asubuhi, binti amehamia nyumba nyingine, mpya, anatandika kitanda huku akiimba. Anatoka chumbani. Picha inabaki kwenye ukuta mweupe, safi, hauna kitu, unautazama mpaka unakaribia kupumua. Kisha, kwenye pembe ya chini, doa. Dogo, la kijivu. Baba alicheka alipoliona. "Hawa wanataka kutengeneza nyingine," alisema, akazima mashine. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimegeuka kuangalia ukuta wa chumba cha mashine.

Mkanda ule niliuharibu mara ya kwanza kwa uzembe. Safari hii niliukata kwa makusudi, nikamtazama mdogo wangu machoni nikiukata.

Aliomba nimsaidie. Nilidhani anataka kukaa. Lakini aliuvusha mkono wa kulia juu ya kifua, akashika ukingo wa godoro upande wa pili, akajivuta, akiguna, nami nikamsukuma bega na nyonga, mpaka akalala kwa ubavu wa kushoto. Alinipa mgongo. Mgongo ule, nguo ilipopanda, ulikuwa na vidonda viwili vibichi, na nilifurahi kuviona vimepata hewa. Kama alinigeuzia kisogo kwa hasira au aligeuka kwa sababu ameweza, sikuuliza.

Kutoka usoni pake hadi ukutani haikufika shubiri moja. Alipumua haraka haraka kama mtu aliyeingia maji ya baridi. Kisha aliinua kiganja, kile kile kilichojulikana mji mzima, akakibandika juu ya doa, akafumba macho.

"Bomba," alisema. "Linatoka bafuni. Ndilo mama yake. Mwambie wifi yako amwite fundi avunje hapa chini, siyo juu."

"Nitamwambia."

Nilidhani amelala.

"Dada."

"Naam."

"Usigonge."

"Sitagonga, Kitinda."

Alilala, kiganja kikateleza pole pole mpaka kikatua kwenye mto. Wifi alifungua mlango kidogo, akamwona mumewe alivyolala, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Kisha akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Wifi," alinong'ona, "mbona umekaa huko?"

Niliangalia nilipokuwa. Sikumbuki kukisogeza kile kiti. Nilikuwa nimekiweka katikati kabisa ya chumba, mbali na kuta zote nne.